Chomoa maiki kwanza

Jamani leo nimeumia roho. Nimeletewa redio ya VHF ya boti, mzee analalamika haisikii kitu akishaacha pwani, nikaiunganisha na jenereta ya signali (siyo ile ya kuwasha taa umeme ukikatika, hii inatoa mawimbi ya redio kwa kipimo unachotaka wewe), nikaweka 156.8 MHz, ile chaneli 16 ya dharura, nikaanza kushusha nguvu taratibu. Redio nzima inatakiwa isikie hata kwenye -119 dBm (kipimo cha nguvu ya signali, ikizidi kushuka chini ya sifuri signali ni ndogo zaidi), yaani karibu robo ya maikrovolti, kidogo mno! Hii ilikuwa inakufa kwenye -95. Kumbe tatizo liko mbele kabisa, transista ya kwanza ya kupokea.

Sasa kijana aliyekuja nayo akashika maiki akabonyeza, redio ikaanza kurusha badala ya kupokea. Sekunde mbili hivi. Wati 25 zikarudi kwenye jenereta yangu ya signali, mashine ambayo yenyewe haitoi hata wati moja, nikasikia harufu ya rezista kuungua, namba kwenye kioo zinaonekana vizuri tu lakini ukipima kwenye soketi hakuna kitu. Kuna mashine zina kinga, zinakata zikirudishiwa nguvu, yangu haina, na sikuweka atenueta ya dB 30 (kifaa cha kupunguza nguvu) katikati.

Wadogo zangu mnaojifunza redio, kabla ya kuchomeka waya chomoa maiki, ifungie kabisa kwenye mtoto wa meza. Redio ya mzee transista nimebadilisha, kesho alfajiri inarudi baharini.