Naishi Reli, treni sijawahi kuiona

Juzi kati nimeshuka na basi la Dar pale stendi ya Mkanaledi, saa kumi na moja jioni, nimechoka hatari, mgongo umekaza kama ubao, na jamaa mmoja tuliyekaa naye siti moja toka Mbagala ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Mtwara, kaja kikazi. Akanisikia namwambia dereva wa bajaji nipeleke Reli. Jamaa macho yakamtoka. "Kumbe huku mna treni kaka?" Dereva akacheka mpaka akazima injini.

Treni hamna jamani. Kuna kata inaitwa Reli, ina watu, ina maduka, ina kinyozi anayekata vizuri kuliko wote mjini (nabishana na yeyote), ila chuma cha reli hakuna. Nimekulia hapahapa na treni nimekuja kuiona ukubwani, Dar. Marehemu babu ndo alikuwa anatuhadithia kwamba aliisikia ikilia akiwa kijana, afu siku moja ikaacha kulia, baadae vyuma vikang'olewa.

Kwa wasioijua hii stori, ni hivi. Baada ya vita ya pili ya dunia Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula kwao, wakaamua Tanganyika ilime karanga, wakachagua Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilitaka bandari yenye kina, wakaja kuichimbua hapa Mtwara ambako kabla ya hapo mji ulikuwa Mikindani, pale palipo na boma la Mjerumani. Wakaweka reli, wakachora na mji mzima wa watu 200,000. Afu karanga zikagoma, mvua haikutii ratiba, matrekta yakavunjikia vichakani, na 1951 mradi ukafutwa. Reli yenyewe ilijikokota mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa. Bandari ikabaki. Mchoro wa mji nao ukabaki, na hapa ndo ninapotaka watu wapaangalie vizuri.

Sensa ya 2012 manispaa yetu ya Mtwara-Mikindani ilikuwa na watu 108,299, ya 2022 ikasoma 146,772, na hapo tumeshajumlisha mpaka Mikindani na vijiji vya pembeni. Kwa hiyo wale watu laki mbili waliochorewa mji miaka ya 40 bado wako njiani. Ndo maana mgeni akifika anashangaa, barabara pana utafikiri zinasubiri gwaride, viwanja vitupu katikati ya mji, unatembea unapita nyumba tatu afu mikorosho afu ofisi afu kichaka afu nyumba tena. Ukitoka Shangani mguu kwenda sokoni saa saba mchana utalijua jua la kusini ni kitu gani. Mchoraji alidhani kila mtu atakuwa na gari. Mi nina kandambili.

Kilichouunganisha huu mji, na mtu asinidanganye, ni bajaji. Haisi zipo za Mikindani na za vijijini ila ndani ya mji bajaji ndo kila kitu, inabeba mgonjwa kwenda hospitali ya Ligula, inabeba magunia, inabeba bibi harusi, inabeba maiti ya kuku arobaini wanaoenda kwenye shughuli. Na kwa miaka yote niliyokaa hapa nimegundua kitu kimoja, duka haliendi kule ambako barabara imepigwa lami mpya, duka linaenda kule bajaji zinapolala kusubiri abiria. Watu hawanunui wanapopita, wananunua wanaposhuka.

Nimejifunza hili kwa mama mdogo.

Mama mdogo wangu anauza chai, chapati na mihogo asubuhi, jioni anauza ming'oko. Kama hujawahi kula ming'oko pole yako, ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, inachimbwa huko maporini inachemshwa, unaimenya kwa vidole vyako mwenyewe unachovya kwenye chumvi na pilipili. Inauzwa kwa mafungu juu ya sinia. Huwezi kuila huku unakimbia, hicho ndo kitu cha kukizingatia, maana ming'oko inataka mtu aliyekaa, mwenye dakika kumi, mikono yake haina mzigo. Kwa hiyo mteja wake ni mtu anayesubiri kitu.

Zamani meza yake ilikuwa jirani na stendi ya zamani, kule mjini. Watu wa Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyamba wote walikuwa wanasubiri pale. Anatandika saa kumi jioni, saa mbili usiku sinia jeupe. Tumesomeshwa na lile sinia mimi na binamu zangu wawili, sisemi kwa kujisifu. Stendi ilipohamia Mkanaledi aliendelea kutandika palepale wiki nzima, kwa ubishi tu, akisema watu watarudi. Waliokuwa wanarudi ni nzi. Siku ya nane akaniambia "mwanangu, nilidhani wanapenda ming'oko yangu, kumbe walikuwa wamechelewa gari."

Hii si ya Mtwara peke yake. Dar walipotoa mabasi ya mikoani Ubungo kuyapeleka Mbezi Luis 2021 mlisikia kilio cha mama ntilie wa Ubungo. Mi sipingi stendi kuhama, stendi za katikati ya mji zilikuwa balaa, mabasi yanarudi nyuma kwenye watoto, mitaro imeziba, vibaka. Mkanaledi pana nafasi. Ninachosema ni kwamba ukihamisha stendi unahamisha mto, sasa wale waliolima ukingoni mwa mto uwaambie mapema, uwape na sehemu kule mto unakoenda. Mama mdogo alipoulizia kibanda kule mpya akaambiwa vimeisha, na mwenye kibanda alichokuwa anakitaka alikuwa anakikodisha kwa mtu wa pili ambaye naye anamkodisha wa tatu. Kodi imeshakunywa chai mara tatu kabla ya mpishi hajawasha jiko.

Akahamia barabarani basi, chini ya mwarobaini. Miezi kama mitano hivi ikawa nzuri. Afu asubuhi moja wakapita watu na kopo la rangi nyekundu, wakapiga X. X kwenye ukuta wa fundi cherehani, X kwenye kontena la wakala, X kwenye meza ya mama mdogo ambayo ni mbao mbili na matofali, wakapiga X na kwenye mwarobaini. Hifadhi ya barabara, yaani eneo la barabara, aliyekaa humo aondoke. Sitaji ofisi, wenyewe wanajijua. Fundi cherehani akauliza barabara inapanuliwa lini, akajibiwa mtatangaziwa. Hiyo X imefifia sasa hivi na hamna aliyetangaziwa, ila kontena la wakala lilishaondoka siku nyingi maana mtu hawezi kuweka mtaji kwenye sehemu yenye X.

Mtwara tuna historia ya kusubiri bana. Kuanzia 2010 mpaka kama 2014 hivi ilikuwa gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa toka 1982 lakini kelele zilikuja pale wazungu walipoanza kupata ile ya baharini, kila mtu akasema tunakuwa Dubai. Fremu zilipanda bei kila mwezi, watu walifukuza wapangaji wakarabati vyumba vya kupangisha wageni, gesti zikaota kama uyoga, mzee mmoja mtaani kwetu aliuza shamba la mikorosho akajenga vyumba nane vyenye viyoyozi. Afu bomba likajengwa kwenda Dar, watu wakakasirika, zile vurugu za Mei 2013 sitaki hata kuzizungumzia, tulijifungia ndani tunasikiliza milio. Bomba likaisha 2015, gesi ikaenda kufua umeme Kinyerezi. Wageni wakaondoka. Vile vyumba nane sasa viwili vina wanafunzi, vingine vina popo. Na mpaka leo gesi inatoka Msimbati hapo jirani, lakini bajaji inayotembea kwa gesi nimeipanda Dar, kwetu sijawahi.

Sisemi hamna kilichokuja. Kiwanda cha saruji cha Dangote kimekuja 2015 na malori yake, bandari imeongezewa gati jipya la mita 300, makaa ya mawe toka Ruvuma yanapita hapa, korosho zinapakiwa hapa. Mitaa imewekwa lami na taa, usiku watoto wanasomea chini ya taa za barabarani kweli kabisa. Lakini lori la makaa haliteremki kununua chapati. Linatoka mgodini linaingia bandarini linageuka. Vumbi ndo linabaki kwetu.

Kinachoshuka kikanunua ni korosho, na ni kwa sababu korosho ina mwenye nayo. Ikifika mwezi wa 10 minada ikaanza, hela za stakabadhi ghalani zikaingia kwenye akaunti za wakulima, utaona haisi za Newala na Tandahimba zinakuja zimejaa zinarudi zimejaa zaidi, mabati juu, godoro juu, baba katikati kakumbatia tivii. Hapo muuza vitenge anacheka, fundi simu anacheka, bodaboda mpya zinaonekana bado na nailoni kwenye siti. Mama mdogo anaongeza sinia la pili. Ikifika mwezi wa 3 kimyaaa. Mtu akitaka kujua uchumi wa huu mji asisome ripoti, akae stendi aangalie haisi zinabeba nini juu.

Na barabara ikikatika ndo utajua. Mwezi wa 5 mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara kule Somanga, hamna basi la Dar, hamna lori, sisi ambao tulikuwa tumeshasahau enzi za kivuko pale Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa la 2003 tukakumbuka zote kwa siku moja. Mama mdogo alikuwa anapika chupa tatu za chai asubuhi akashuka mpaka moja, na hiyo moja tulikuwa tunaimaliza sisi.

Sasa turudi kwenye X. Mwezi uliopita nikamwambia mama mdogo tuhesabu. Nilikuwa na wazo langu la kijinga kwamba ahamie barabara kubwa yenye taa, magari mengi. Tukakaa na daftari jioni mbili, ya kwanza barabara kubwa, ya pili kijiwe cha bajaji hapa Reli ambapo huwa hapazidi bajaji saba. Barabara kubwa nilihesabu vyombo mpaka mkono ukachoka, mia mbili na ushee kwa saa moja, tukauza mafungu manne, na moja tulimuuzia dada mmoja ambaye bajaji yake ilipata pancha. Kijiweni kwa muda uleule zilikuja na kuondoka bajaji thelathini na moja. Mafungu kumi na tisa. Madereva wenyewe walikula saba.

Mmoja wa madereva, kijana mdogo tu wa Tandahimba, akamwambia "mama we kaa hapa, abiria nikimshusha nitamwambia pilipili ya hapa inaongea." Mama mdogo akamuuliza unataka kamisheni? Akasema hapana, nataka sehemu ya kukaa nikisubiri, benchi hamna. Kweli hamna. Kijiwe kina miaka hakina benchi, hakina kivuli zaidi ya mwembe wa watu, hakina choo, watu wanaomba kwa jirani mpaka jirani kaweka kofuli. Nimesikia mipango ya reli mpya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, karibu kilomita 1,000, na naiombea ije kwa moyo wote, kata yetu ina jina tayari hatutasumbua mtu. Ila mbao nne na misumari ya benchi nilinunua mimi na fundi alikuwa mimi, ndo maana limeinama upande wa kushoto.

Mama mdogo kahamia jumla toka wiki iliyopita. Kamkubalia mwenye mwembe amlipe kwa wiki, si kwa miezi sita kama wenye fremu wanavyotaka. Kaongeza maji baridi, vocha, na maandazi ya yule jirani mwenye kofuli, ambaye sasa funguo ya choo inakaa mezani kwa mama mdogo kwa jero. Fundi cherehani naye kaanza kuja kuchungulia.

Jumapili akaniita nimwandikie kibao. Nikamuuliza tuandike nini, Ming'oko Point, Mama Lishe, nini? Akawaza akasema andika STESHENI. Nikacheka. Hakucheka. Nikachukua kipande cha bati na ile rangi nyekundu iliyobaki nilipopaka geti, nikaandika herufi kubwakubwa ili hata mtu wa basi la Dar aione, na nikawa nimezifanya nene mno mwanzoni kwa mbwembwe, rangi ikaniishia kwenye N. Kwa hiyo kwa sasa mkipita mtaona STESHEN. Ile I nitamalizia Jumamosi.