Sauti Zililala kwa Shangazi

Juzi stima ilipotea hapa Kaloleni. Friji ikatetemeka, ikanyamaza. Mwanangu akauliza gizani, "Mama, nani ametoka?"

Nikacheka, lakini nikabaki na swali lake. Shangazi angemwelewa mara moja. Ni yule wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria kule Kisumu, mchuuzi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kwake sauti ilikuwa inaingia nyumbani, inakaa, na wakati mwingine inalala.

Nilikuwa kwake likizo ya Agosti. Mwezi haukuwepo, kwa hivyo wavuvi walikuwa ziwani. Omena hufuata mwanga: taa za karabai huwekwa zielee majini, watu wakakaa mtumbwini wakingoja samaki wakusanyike. Kungoja huko ni kwa saa nyingi, na mwanamume anayengoja hana kazi ila kuongea.

Usiku ule hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani la mgomba. Nimelala mkekani, nikasikia mtu akisema kwa Kijaluo, sikioni kabisa, "Nipe kiberiti." Nikaruka. Chumbani hamkuwa na mtu ila shangazi, ameketi kitandani, leso mabegani, kidole mdomoni. Nikasikia kijiti kikikwaruza kisanduku. Kikohozi. Kisha sauti ya pili, nzito, ikacheka. Nilipochungulia dirishani niliona taa zao kule ziwani, mbali. Wenyewe wako kule, sauti zao ziko nasi chumbani. Nikanong'ona, "Shangazi, ni mizimu?"

"Nyamaza, mgeni anaongea."

Mgeni akaongea. Mwenye sauti nzito alikuwa akimwambia mwenzake kwamba wamepata vizuri, ila wakifika ufuoni wafiche makarai kadhaa chini ya turubai na kusema ziwa limegoma, kina mama wapandishiane bei wenyewe. Shangazi akatikisa kichwa, akavuta shuka, akalala. Mimi sikulala.

Asubuhi ufuoni aliwaacha walie weee kuhusu ziwa. Walipochoka akasema tu, "Fungueni turubai. Sauti zenu zililala kwangu." Yule wa sauti nzito kasia likamponyoka.

Siku hiyo alinunua kwa bei yake. Lakini maneno yakazunguka kwamba yule mama anaagua. Wengine wakakataa kumuuzia, wengine wakawa wanamwongezea fungu kwa hofu. Mpaka leo siwezi kusema kama alipata au alipoteza.

Baadaye, sekondari, nikafundishwa fizikia. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, na kwenye hewa yenye joto huongeza mwendo. Kwa hivyo hewa iliyogusa maji ikipoa kuliko ile ya juu, sauti iliyokuwa ikipanda hupinda ikarudi chini, na juu ya maji matulivu hakuna cha kuizuia njiani. Nikampelekea shangazi habari hiyo mbio, nikidhani nitamsafishia jina.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikitandaza omena kwenye wavu wa kuanikia.

"Na wavuvi umewaeleza?"

"Bado, shangazi."

"Basi waache."