Mpoze kwanza, hospitali baadaye

Mazoezi ya futiboli ya Kimarekani huanza kiangazi, na mwanafunzi wa sekondari anavaa kofia ngumu na pedi zinazozuia jasho kukauka. Akianza kuyumba, kuropoka au kuwa mkali bila sababu, na joto la ndani limepita nyuzi 40, hicho ni kiharusi cha joto. Pimeni kwa njia ya haja kubwa. Kipimo cha kwapani au cha kipajini hudanganya.

Mvueni vifaa, mtumbukizeni hadi shingoni kwenye pipa la maji ya barafu. Pitisheni taulo chini ya makwapa asizame, na maji yakorogwe muda wote, kwa sababu yakitulia, yale yanayogusa ngozi hupata joto. Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, lakini asitolewe mpaka joto lake lishuke hadi kama nyuzi 39. Mnazo dakika 30 hivi za kumpoza, tangu aanguke.

Pipa lijazwe kabla ya mazoezi, si baada ya mtu kuanguka.

Kwa shule za sekondari za jimbo la Georgia, Marekani, tangu 2012, kipimo cha WBGT (joto, unyevu, upepo na jua kwa pamoja) kikizidi 92 za Fahrenheit, mazoezi ya nje ni marufuku. Kocha anayeadhibu kwa mbio juani hana kisingizio.