Wakala pekee, taa pekee: nilivyoifufua projekta yangu

Wa kwanza kuniambia "hiyo taa utaipata kwa wakala tu" alikuwa jamaa aliyeniuzia projekta. Wa pili alikuwa fundi wangu wa redio. Wa tatu ni shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki projekta wala hana mpango huo. Wote walikosea, na mimi niliyewaamini kwa miezi zaidi ya mitatu nilikuwa mjinga wa nne.

Projekta yenyewe inanilisha. Naikodisha kwa semina na mikutano, na mtu akitaka kuwaonyesha watoto filamu ukutani namfungia pia. Siku hiyo tuko katikati ya semina, watu wamejaa, picha ikaanza kuwa ya njano. Ikafifia taratibu kama mtu anayesinzia, kisha giza. Kitaa kidogo chekundu karibu na swichi kikaanza kupepesa. Nikajifanya nakagua waya huku jasho likinitiririka mgongoni. Mwezeshaji akamalizia somo kwa mdomo. Nililipwa nusu, na sikuwa na uso wa kudai nusu nyingine.

Niseme ukweli, kosa la kwanza lilikuwa langu. Taa hizi zina umri wake, nyingi huandikiwa kati ya saa 2,000 na 4,000, na mashine yenyewe inahesabu. Yangu ilikuwa inanionya wiki nzima kwa maandishi kwenye kona ya picha. Nilikuwa nabonyeza kitufe ili yaondoke, yasiharibu mandhari.

Basi nikaenda kwa wakala. Mbele ofisi inang'aa, projekta mpya zimepangwa kama maharusi, mabinti wa mauzo wanakukimbilia kabla hujafunga mlango. Dirisha la matengenezo liko nyuma, unapita karibu na choo. Kijana wa pale akaandika namba ya mashine, akanitazama kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Modeli hii, kaka, taa haiuzwi peke yake. Inauzwa na kasha lake zima. Na haipo. Inaagizwa."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki 6 hadi 8. Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea tu, kaka."

Bei aliyonitajia ilizidi theluthi ya projekta mpya, na nusu yake alitaka hapo hapo kama kianzio. Nikatoa. Ukilazimika kutoa kianzio, hakikisha risiti imeandikwa tarehe ya mzigo kufika. Yangu iliandikwa "utaarifiwa", na mimi nikaikunja nikaiweka mfukoni kwa furaha.

Wiki 6 zikapita. Zikapita 8. Zikafika 11. Nikipiga simu nawekewa muziki, ule ule, mpaka nikawa naupiga mluzi bafuni. Nikibahatika kupokelewa, kila siku kuna sababu mpya: meli imechelewa, mara mzigo uko forodhani, mara kiwanda kimefunga kwa sikukuu. Nikaona nimpite juu kwa juu, nikawaandikia watengenezaji wenyewe barua pepe ndefu yenye picha na namba ya mashine. Walijibu siku hiyo hiyo, kwa adabu ya ajabu. Walinishukuru kwa kuchagua bidhaa yao, wakaniomba niwasiliane na wakala wao wa eneo langu, wakaniwekea na namba yake ya simu. Ilikuwa ile namba ya muziki.

Hapo ndipo nikapata akili ya kitoto ambayo mpaka leo naionea fahari. Nikaazima simu ya jirani, nikapiga meza ya mauzo, sauti nimeishusha kidogo kama mtu mwenye pesa. Nikasema nina kumbi, nataka projekta 6 za modeli ile ile, lakini nina wasiwasi na taa za akiba. Binti akacheka. "Wasiwasi wa nini, bosi? Taa zipo, stoo zimejaa." Nikamuuliza jina lake kwa upole, nikamshukuru, na kesho yake asubuhi nikawa dirishani na risiti yangu. Kijana hakubisha hata kidogo. Akasema zile zimetengwa kwa ajili ya wanaonunua mashine mpya. Yaani taa ipo, umbali wa hatua 20 kutoka nilipo, ila mimi si mteja wa kutosha kuipata. Nilitoka bila kuaga.

Fundi wangu wa redio akanishauri tuachane na taa hizo, tupachike taa ya LED ya pikipiki. Alikuwa na hakika. Tukafunga, tukawasha, feni ikazunguka sekunde chache, mashine ikazima na kile kitaa kikarudi kupepesa. Mashine hizi si karabai. Kuna saketi inayoiwasha taa kwa umeme wa maelfu ya volti, kisha inasubiri kuona kama imewaka kweli, na isipoona jibu inakata kila kitu. Fundi alijaribu kuidanganya kwa waya hiki na kile kwa siku mbili. Ikamshinda, na akanidai pesa ya nauli.

Usiku huo, kwa hasira tu, nikaitoa taa mfu na kasha lake nikaiweka mezani. (Mashine ilikuwa imechomolewa kwenye umeme na imeshapoa, usije ukafungua yako ikiwa ya moto.) Kwenye kasha kulikuwa na stika ya kutisha: ukifungua, waranti imekufa. Waranti gani? Ya taa ilikuwa siku 90 na ilishakwisha zamani. Marekani, mwaka 2018, tume yao ya biashara, FTC, iliyaandikia makampuni 6 kuyaonya kuhusu vitisho vya aina hiyo, kwa kutumia sheria yao ya waranti ya mwaka 1975. Sheria ya Marekani hainilindi mimi, lakini siku ile ilinitia nguvu kwenye bisibisi.

Ndani ya lile kasha la bei ya dhahabu kuna nini? Plastiki, nyaya mbili, vibanio vya waya na balbu. Balbu yenyewe imekaa kwenye kikombe cha kioo cha kuakisi mwanga, na nyuma ya kikombe kuna kitako cheupe cha kauri. Nikakisugua kwa kitambaa, nikakiinamisha kwenye mwanga, nikasoma: P-VIP 180/0.8 E20.8, na juu yake jina la Osram. Nembo ya projekta yangu haikuwepo popote. Nikabaki nimeduwaa pale mezani. Jamaa ni wakala pekee wa nembo iliyobandikwa kwenye boksi. Balbu imetoka kiwanda kingine kabisa, kinachowauzia watengenezaji chungu nzima wa projekta. Osram wanaziita P-VIP, Philips wana za kwao wanaziita UHP, na wengine wachache wana majina yao. Ukitafuta kwa jina la projekta yako unarudishwa kwa wakala. Ukitafuta kwa maandishi ya kwenye kitako, dunia nzima inakufungukia.

Hapo ningekuwa na busara hadithi ingeishia. Sikuwa nayo. Nikiwa nimelewa ushindi, nikaona balbu mtandaoni kwa bei ya kama sehemu moja ya kumi ya ile ya wakala. Maelezo yake yalisema "inalingana na P-VIP". Inalingana! Neno hilo liogope. Ilikuja haraka, kwenye boksi jeupe lisilo na jina, kitako chake kitupu kama yai. Nikaifunga, picha ikatoka safi, nikampigia shemeji kumcheka. Niliikodisha mara nne. Mara ya tano nilikuwa nyumbani, najaribu kompyuta ya mteja, watoto wako chumba kingine. Nikasikia paa! Kama tairi la baiskeli limepasuka ndani ya sufuria. Giza, kisha sauti ya vioo vidogo vikiporomoka ndani ya mashine kama mchele, na feni ikaendelea kuzunguka huku ikitoa moshi mwembamba.

Nilidhani mashine imekufa yote. Baadaye nikaelewa kilichotokea. Ndani ya kile kidonge cha kioo kinachozidi punje ya maharage kidogo tu, mwanga unatoka kwenye mwanya wa kama milimita moja, na taa ikiwa ya moto mgandamizo unapita mara 200 ya hewa tunayovuta. Tairi la gari dogo lina mara 2 na kitu. Kioo kikiwa cha ovyo, kinaachia. Na ndani kuna zebaki, ambayo ni sumu. Kwa hiyo likikupata lililonipata mimi, usiinamishe uso kuchungulia kama nilivyofanya. Chomoa umeme, fungua madirisha, toa watu nje, rudi baada ya nusu saa hivi. Vioo usivivute kwa mashine ya kufyonza vumbi, viokote kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi, halafu uvifunge kwenye chombo chenye kifuniko. Mimi nilipuliza kwa mdomo. Mke wangu bado anaisimulia hiyo, na kila akiisimulia mimi nazidi kuwa mjinga.

Bahati yangu, kasha lilivizuia vioo vingi, lenzi haikuguswa. Safari hii nikatuliza akili. Nikamtafuta muuzaji anayeuza balbu tupu ya Osram, na kabla ya kulipa nikamwomba apige picha kitako cha ile ile atakayonitumia, pembeni aweke karatasi yenye jina langu. Mmoja alikasirika, mmoja akanyamaza, wa tatu akatuma ndani ya dakika 10. Nikanunua kwa wa tatu. Pamoja na usafirishaji ilikuwa kama robo ya bei ya wakala, nikikumbuka vizuri. Ikafika baada ya wiki mbili na ushee.

Kuifunga si kazi, ila kioo usikiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi yakipikwa na joto lile yanakiharibu kioo pale pale ulipogusa. Mimi nilivaa glavu, na bado nikakifuta kwa spiriti. Nikarudisha kasha, nikafunga kila kitu, nikaita familia nzima washuhudie, nikawasha.

Kitaa chekundu. Kinapepesa.

Nilikaa sakafuni. Nikatoa balbu, nikarudisha. Nikageuza nyaya, ingawa nilijua hazina maana ya kugeuzwa. Nikaweka saa za taa kuwa sifuri kwenye menyu, au tuseme nilijaribu, maana mashine isiyowaka haina menyu. Karibu saa mbili. Mtoto wangu wa darasa la nne ndiye aliyeuliza, "Baba, huu mfuniko mbona unacheza?" Mfuniko wa taa una kidole cha plastiki kinachobonyeza swichi ndogo iliyojificha ndani. Usipobana sawasawa, mashine inajua mlango uko wazi na inagoma, ili usije ukaunguzwa. Skrubu moja ya mfuniko ilikuwa imepotea siku ya mlipuko. Nikakunja kipande cha kadibodi, nikakisukuma pale, nikakaza skrubu iliyobaki. Feni, sekunde chache, mlio mdogo wa "tik", na ukuta ukawa mweupe pee. Mtoto akadai alipwe ufundi. Nilimlipa.

Tangu hapo naitumia kwa mwanga wa kiwango cha chini pale chumba kinaporuhusu, na filta ya hewa naisafisha kila mwezi, kwa sababu joto ndilo linaloziua taa hizi mapema. Lile onyo la kwenye kona ya picha siku hizi nalisoma mpaka mwisho.

Mwezi wa tano tangu nitoe kianzio, simu ikaingia ujumbe: mzigo wako umefika. Nikaenda, si kwa ajili ya taa, nilitaka pesa yangu. Kijana yule yule, dirisha lile lile. Akaleta boksi lenye nembo ya dhahabu na stika ya usalama. Nikamwomba nione tu ndani kabla sijaamua. Akasita, akafungua. Nikaliinua kasha, nikaligeuza nyuma, nikachungulia kwenye kitako cha kauri. P-VIP 180/0.8 E20.8. Osram.

Nikamrudishia boksi lake, nikasimama pale mpaka kianzio changu kikarudi chote, ilichukua karibu asubuhi nzima na saini za watu watatu. Nilipokuwa naondoka nikakumbuka ile kadibodi. Nikamuuliza kama anaweza kunisaidia skrubu moja ndogo ya mfuniko wa taa, hata iliyotumika.

Akaangalia kompyuta yake kwa muda mrefu. "Skrubu, kaka, haiuzwi peke yake. Inakuja na mfuniko mzima. Na haipo."