Sauti mpaka barabarani

Neno la wifi limenikaa. Alilisema Jumapili, leo Ijumaa, na nikinyamaza kidogo tu nalisikia upya. Kila likija linakuja na sauti nyingine: mara ya huruma, mara ya kunisema, mara ya mtu anayeuliza kweli na anataka ajibiwe.

Nilikuwa namkogesha mama. Mama amepooza kwa kiharusi, na kila asubuhi huwa namkogesha pale pale kitandani. Nilikuwa nishamgeuza ubavu, kanga ya usiku nishaitoa, maji ya uvuguvugu yamo ndooni, na mimi naimba kasida, ile ya kumsalia Mtume ambayo mama alikuwa akiwafundisha watoto wa chuoni, chuo cha Qur'ani. Wifi akaingia na mfuko wa boflo, akasimama mlangoni.

"Wifi, kwani wewe huna simanzi?"

"Simanzi ya nini tena, wifi?"

"Aa, nauliza tu. Mtu mamaake yuko hali hii, na sauti yake yasikika mpaka barabarani, utasema pana harusi."

Nikamwambia, "Karibu chai."

Basi, ndiyo hayo yaliyosemwa. Akanywa chai, akamshika mama mguu, akamwombea dua, akaenda zake.

Wiki hii nimepata barua ya uhamisho wa skuli, kaka kapata mtoto wa kiume huko Muscat, na karafuu za Baba Mdogo zimenyeshewa jamvini. Yote hayo nimeyapokea kama yalivyokuja. Hili la simanzi ndilo ninalotembea nalo. Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano nalo, nimepanga foleni ya maji nalo, na jana ndani ya gari, kutoka Chake, nilikuwa namjibu wifi kimoyomoyo mpaka nikapitishwa kituo.

Simanzi ninayo. Ninayo alfajiri ninapomkuta mama macho, na sijui ameamka tangu saa ngapi kwa kuwa hawezi kuniita. Ninayo usiku, kengele ya simu inaponiamsha kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, nikamwinua bega, nikauhisi wepesi wake. Huyu ndiye aliyekuwa akibeba gunia la makonyo ya karafuu kichwani na mtoto mgongoni. Kilio ninacho pia, nakitoa uwani kwa wakati wake. Lakini wifi hakunikuta nalia, amenikuta naimba, na akaona hivyo viwili havikai nyumba moja.

Mimi nilivyosomeshwa, na aliyenisomesha ni huyu huyu aliyelala hapa, vinakaa. Alikuwa akituhadithia kisa cha Nabii Yunus usiku, taa ya kandili katikati, na akifika tumboni mwa samaki anasimama, anatuuliza: "Haya, aliomba nini?" Sisi tunajibu kwa pamoja: "Kutoka!" Anatikisa kichwa. Anataka tuseme ile dua yenyewe, tuisikilize. Hapana mungu ila Wewe, Umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu. Kutoka hakukutajwa. Mtu yumo ndani ya giza la samaki, chini ya giza la bahari, chini ya giza la usiku, na analoanza nalo ni kumtakasa Mola wake. Na Qur'ani inasema wazi kwamba lau hakuwa miongoni mwa wanaomsabihi, angekaa humo mpaka siku ya kufufuliwa. Mama akimaliza hapo anafunga kitabu na kutupeleka kulala, na sisi tunabaki gizani tunaogopa samaki.

Nikiwa mtoto nilikishika kisa kwa ajili ya samaki. Sasa nimeshika ile dua. Kuna asubuhi nazo ninaamka sina hata la kuomba. Nimeshaomba mama apone, nimeomba hivyo kwenye kila sijda tangu siku alipoanguka jikoni, maneno yamekauka mdomoni. Siku hizo namsifu Mungu tu. Subhanallah, Alhamdulillahi, naendelea, na mikono yangu inaendelea: kitambaa, sabuni, mgongo, kwapa, mguu. Nikifika kwenye miguu huwa nishapata pumzi. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Pumzi inarudi.

Na kuna kitu ambacho wifi hakukisikia, na hiki ndicho kinachoniuma hasa.

Mama hasemi. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kikachukua mkono na mguu wa kulia na maneno. Akitaka maji hawezi kusema maji. Anafungua mdomo, linatoka neno jingine kabisa, au halitoki, na machozi yanamlenga kwa ghadhabu kwa sababu akili yake iko pale pale, anajua anachotaka. Lakini ukimwanzishia Alhamdu, sura ya kwanza ya Qur'ani, anaimaliza. Aya baada ya aya, mpaka waladhdhalin, mpaka amin. Ukimwanzishia kasida, kiitikio anakiitika, kwa sauti iliyokwaruza, lakini maneno yamo yote. Mara ya kwanza nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja. Yule kijana wa mazoezi ya viungo akanieleza kuwa si ajabu kwa wagonjwa wa aina hii: maneno ya mazoea, sala, kuhesabu, nyimbo za tangu utotoni, mara nyingi hubaki hata mazungumzo yakiondoka.

Kwa hiyo asubuhi ndipo tunapozungumza, mimi na mama. Mimi naanza, yeye anajibu. Naongeza sauti ili naye aongeze, kwa sababu kifua chake kinahitaji kufanyishwa kazi. Sauti aliyoisikia wifi kule barabarani ilikuwa ya watu wawili. Alipoingia, mama akanyamaza, kama anavyonyamaza kila mgeni akiingia kwa kuona haya, na wifi akanikuta naimba peke yangu.

Ningemwambia hivyo pale pale. Lakini mama alikuwa katikati yetu na nusu ya mwili wake wazi, na cha kwanza ilikuwa kumfunika.

Usiku tunayo yetu mengine. Kijana wa mazoezi alisema vidole vya mkono uliolala visiachwe vikajikunja, vinyooshwe kimoja kimoja, taratibu, kila siku, la sivyo vitakakamaa. Basi tasbihi ya kulalia naihesabia humo humo. Nafungua gumba kwanza, maana ndilo linalojificha ndani ya ngumi, kisha kidole cha shahada. Nagusa pingili ya kwanza, Subhanallah. Ya pili, Subhanallah. Ya tatu. Nakinyoosha, nakishikilia kidogo, naenda cha pili. Kwenye ncha za kucha bado pana ukingo mwembamba wa hina aliyoitia kabla hajaugua, unapanda kila kucha zikikua, na mimi bado sijaweza kuzikata. Nazipunguza kwa tupa tu.

Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Hizi zilitoka kwenye nyumba yenye mchoko kama yetu. Bi Fatma, binti wa Mtume, mikono ilikuwa imemharibika kwa jiwe la kusagia. Akasikia baba yake kaletewa mateka, akaenda kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamwachia maneno Bi Aisha, mke wa Mtume. Usiku Mtume akawaendea, Bi Fatma na mumewe Sayyidna Ali wameshalala, wakataka kuinuka, akawaambia wakae walivyo. Akaketi baina yao, hata Sayyidna Ali akauhisi ubaridi wa nyayo zake kifuani. Akawapa maneno haya, akasema ni bora kwao kuliko mtumishi.

Mimi hapo huwa nakaa sana. Alikwenda na mikono imechubuka, akarudishiwa sifa za Mungu za kusema akilala. Jiwe lilibaki nyumbani. Na Sayyidna Ali akaja kusema baadaye kwamba tangu siku ile hajayaacha, hata usiku wa Siffin, na Siffin ilikuwa vita. Mtu haendi na kitu vitani kama hakijamfaa nyumbani.

Wifi anakijua kisa hiki. Alikaa kwenye mkeka ule ule nilioukalia mimi, safu ya mbele, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kwenye maulidi ya mfungo sita yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kasida, sisi tunaitika, na dufu linapigwa na wasichana wa Mtambwe. Jana usiku, niko kwenye pingili za kidole cha kati, ndipo nikajiuliza nimeisikia lini mara ya mwisho ile sauti. Mamaake alifariki mwaka ule wa mvua kubwa. Tangu matanga yale, kwenye maulidi anakuja, anakaa nyuma, anashughulika na marashi na vikombe. Nilidhani ni mambo ya utu uzima.

"Wifi, kwani wewe huna simanzi?" Nimelisikia tena jana, na safari hii lilikuja kwa sauti ambayo sikuwa nimeijaribu. Huenda alikuwa ananiuliza naweza vipi.

Sijui. Huenda pia alinisema tu, watu husema. Lakini moyo ulinilegea pale pale, nikamaliza Allahu Akbar zangu na nikamtia yeye kwenye dua kabla ya uhamisho wangu.

Na jana hiyo hiyo ilikuwa na kheri yake. Alasiri ya Alkhamisi watoto wa chuoni walikuja, safu nzima, na mabuibui yao madogo na vumbi miguuni, wamekuja kumsomea mwalimu wao. Nikawaambia wasikae ukumbini, waingie chumbani. Walijazana mpaka juu ya sanduku. Wakaanza kwa woga, na yule mdogo kuliko wote akakosea beti, akaruka moja. Mama akafungua macho, akanyanyua mkono wa kushoto, akawasimamisha. Akairudia ile beti iliyorukwa, polepole, yote, kisha akashusha mkono waendelee. Watoto wakaona ni jambo la kawaida, mwalimu kasahihisha, wakaendelea. Mimi nilitoka nikaenda kukoroga uji ambao ulikuwa hauhitaji kukorogwa.

Nimemtumia wifi ujumbe asubuhi kwamba Alkhamisi ijayo watoto watakuja tena, na hawana mtu wa kuwatangulia. Ameusoma. Hajajibu.

Hapa nilitaka kusimama, lakini kitindamimba wangu ananitia wasiwasi. Tangu juzi anavuta sikio la kushoto, nikimuuliza anasema haliumi, na leo nimeunusa mto wake, una harufu. Jirani kanishauri nimtie mafuta ya nazi ya moto. Sitaki, sikio lenye usaha halitiwi kitu kabla ya kuangaliwa. Homa hana, chakula anakula. Lakini jioni nimemwita kutoka uwani, nikamwita tena, na aligeuka tu aliponiona.