Nilivyoisoma Phèdre kwa kuhesabu mizani

Kifaransa changu ni cha ofisini: barua pepe, mikutano, simu. Nilipofungua Phèdre, tamthilia ya Mfaransa Jean Racine, maneno mengi niliyajua, lakini mshororo ulipita bila kuniachia kitu. Tafsiri ya Kiingereza ilinipa kisa tu: Phèdre, mke wa mfalme Thésée, anampenda Hippolyte, mtoto wa mumewe, na mapenzi hayo yanawaangamiza. Nilitaka kujua kwa nini Wafaransa bado wanaitukuza tamthilia hii tangu mwaka 1677.

Kilichonifungulia ni somo la ushairi la shuleni. Mshororo wa Racine una mizani 12, na baada ya mizani ya 6 kuna kituo. Mtu aliyekulia kwenye tarbia, nane za ukwapi na nane za utao, sikio lake limeshazoea mshororo unaogawanyika katikati. Basi nikaacha kusoma kimyakimya. Nikasoma kwa sauti, vidole vikigonga meza.

Chukua mshororo huu, ambapo Hippolyte anamtaja mama yake wa kambo bila kulitamka jina lake: “La fille de Minos et de Pasiphaé”. La-fi-lle-de-Mi-nos, sita. Et-de-Pa-si-pha-é, sita. Ile “e” ya mwisho wa fille, ambayo kwenye mazungumzo ya kawaida Paris huisikii, hapa lazima itamkwe, la sivyo mizani inapungua. Na tazama kituo kilipoangukia. Upande mmoja yupo Minos, baba, hakimu wa wafu kuzimu. Upande wa pili yupo Pasiphaé, mama, aliyeingiwa na tamaa ya fahali. Sheria huku, tamaa kule, na binti yao ndiye Phèdre. Nisingeliona hilo kwa macho peke yake. Vidole ndivyo vilivyonionyesha.

Tangu hapo nilijiwekea utaratibu. Nasoma onyesho zima kwa sauti bila kamusi, narudia na kamusi, kisha nasoma tena kwa sauti. Nilijaribu pia kuimaliza kwa mkupuo mmoja, siku ya mapumziko, kwa sababu kanuni za zama zile zilitaka kisa kimoja, mahali pamoja, ndani ya siku moja. Ina mishororo 1,654. Ukiikatakata kwa wiki nzima unapoteza ile hali ya kukabwa koo. Ukiisoma mfululizo, unaelewa kwa nini hakuna anayeweza kutoka pale Trézène, mji ambamo kisa chote kinatokea.

Onyesho lililonishika zaidi ni la tano katika sehemu ya pili. Phèdre amekuja kumwombea mwanawe, kwa kuwa inasemekana Thésée amekufa. Anaanza kumsifu mumewe jinsi alivyoingia kwenye mzingile wa Krete, halafu taratibu anamweka Hippolyte mahali pa baba yake, na yeye mwenyewe mahali pa dada yake Ariane, aliyemsaidia Thésée kutoka humo. Amekwishatoa siri kabla hajaisema. Mwisho anaunyakua upanga wa Hippolyte, ajiue. Nililisoma nimesimama.

Ili nielewe ukali wa kanuni zile, ilinibidi nisome kidogo habari za mabwana waliowalisha washairi. Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme, alikipa Chuo cha Kifaransa (Académie française), chombo cha kusimamia lugha, msingi rasmi mwaka 1635, na Le Cid, tamthilia ya Pierre Corneille, ilipopendwa na watu mwaka 1637, chuo hichohicho kikaikagua na kuikosoa. Molière alicheza tamthilia yake Tartuffe mbele ya mfalme Louis XIV huko Versailles mwaka 1664, ikapigwa marufuku kwa umma, na hakuruhusiwa kuicheza kwa uhuru hadi 1669, ingawa kundi lake lilikuwa likipokea ruzuku ya mfalme. Mkono uliotoa fedha ndio ulioweza kufunga mlango.

Racine yalimfika kwa namna nyingine, na hili linaniuma. Phèdre ilionyeshwa tarehe 1 Januari 1677. Siku mbili baadaye, tamthilia ya mwandishi mwingine, Pradon, juu ya kisa hichohicho ikapandishwa kwenye jukwaa jingine, ikiungwa mkono na watu wakubwa waliotaka kumwangusha Racine. Mwaka uleule mfalme akamteua Racine na mshairi Boileau kuwa waandishi wa historia yake. Ilikuwa heshima kubwa, yenye malipo mazuri. Lakini mtu aliyeandika onyesho lile la upanga hakuandika tamthilia nyingine kwa miaka 12, mpaka Madame de Maintenon, mke wa siri wa mfalme, alipomwomba kitu cha kuchezwa na wasichana wa shule ya Saint-Cyr. Ndipo ikaja Esther, 1689, kisha Athalie, 1691.

Esther nimeianza kwa utaratibu uleule. Ina kwaya ndani yake, na kwenye sehemu za kwaya mishororo inabadilika urefu, mingine mifupi, mingine mirefu, hivyo hesabu ya vidole ninaianza upya kila mara.