Taasisi ya moyo, bajeti ya mwaka na utafiti wa miaka 20

Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima presha Rais Franklin Roosevelt wa Marekani akakuta 186/108. Hadi hapo daktari wa Ikulu, bingwa wa masikio, pua na koo, alikuwa akisema mzee hana tatizo. Aprili 12, 1945, Roosevelt alifariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Siku hiyo presha ilisoma 300/190. Madaktari wengi wa enzi zile waliona kupanda kwa presha ni uzee tu, na dawa za maana hazikuwepo.

Juni 16, 1948, Rais Truman alitia saini Sheria ya Taifa ya Moyo, ikazaliwa Taasisi ya Taifa ya Moyo. Fedha zake zilikuwa na njia mbili: maabara za taasisi yenyewe, na ruzuku kwa vyuo na hospitali, ambazo maombi yake hupitia kwanza kwenye baraza la ushauri. Bajeti hupitishwa na Kongresi, yaani bunge la Marekani, mwaka kwa mwaka. Kwa jaribio la maabara hilo halina shida. Kwa utafiti unaosubiri watu wazima waugue ndipo jibu lipatikane, ni mtihani.

Utafiti wa namna hiyo, uliopangwa kuwafuatilia watu kwa miaka 20 kuona nani ataugua moyo, ulianza mwaka huohuo Framingham, mji wa Massachusetts wenye watu kama 28,000, na taasisi ikaupokea 1949. Orodha ya wakazi wa miaka 30 hadi 59 ilipangwa kwa kaya, zikachaguliwa kaya mbili katika kila tatu, ili mume na mke waje pamoja. Walioalikwa walikuwa 6,507, waliofika 4,469. Pengo likazibwa na watu 740 waliojitolea, jumla 5,209. Hapo kuna kasoro isiyofutika: anayejileta mwenyewe kupimwa kwa kawaida ana afya kuliko aliyekataa, hivyo wagonjwa huonekana wachache kuliko walivyo mjini. Na karibu wote walikuwa Wazungu.

Kila baada ya miaka miwili walirudi kupimwa presha, damu na umeme wa moyo. Miaka ya mwanzo hakuna cha kumwonyesha mbunge, maana wagonjwa wapya bado hawatoshi kulinganisha. Mwaka 1961 ndipo matokeo ya miaka sita yalipochapishwa: lehemu (kolesteroli) nyingi, presha ya juu na kunenepa kwa misuli ya ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, vilitangulia ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Pamoja na mavuno hayo, miaka 20 iliyopangwa ilipofika, taasisi ikaamua kufunga. Hoja yao ilikuwa kwamba swali limejibiwa na fedha zinahitajika kwingine. Kwa mhasibu ni hoja safi. Kwa utafiti wa aina hii ni hasara, kwa sababu gharama kubwa ya kuandikisha na kupima imeshalipwa, na washiriki sasa ndio wanafikia umri wa kuugua. Thomas Dawber, daktari aliyeuongoza kwa miaka mingi, alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Boston. Akapitisha bakuli kwa watu binafsi na makampuni, yakiwemo ya tumbaku (naam, ilhali utafiti uleule ulikuwa umeshaishtaki sigara).

Mwaka 1971 serikali ikarudi kulipa, kwa mkataba kupitia chuo hicho. Mwaka huohuo wakaanza kuandikishwa watoto wa washiriki na wenzi wao, 5,124, wakilinganishwa na mafaili ya wazazi wao.